Barua ya wazi kwa uongozi wa kambi ya ufukweni: Watoto wetu walale tunapoweza kuwasikia

Kwa Meneja na Wamiliki,
Kambi ya mahema na karavani,
Barabara ya Tanga–Pangani.

YAH: KANUNI YENU YA MALAZI YA WATOTO

Ndugu Meneja, nanyi Ndugu Wamiliki,

Salaam.

Jina la kambi yenu sikuliandika na sitaliandika. Wenyewe mnajijua, na wafanyakazi wenu wengi ni vijana wa vijiji vya jirani. Sitaki anayeosha vyombo akose kazi kwa jambo lililoamuliwa na watu wasiolala hapo. Ila barua yenyewe naiweka hadharani, kwa kuwa njia ya faragha imeshindikana. Asubuhi tuliyoondoka nilizungumza na meneja, nikaambiwa niandike. Nikaandika barua pepe, kimya. Nikatuma ujumbe wa WhatsApp, tiki zikawa za bluu, na jibu lililokuja baadaye lilikuwa la maneno mawili: "Tutalifanyia kazi." Juzijuzi nilipita tena njia hiyo nikiwa na safari zangu za Pangani, nikaingia kuangalia. Ubao wa kanuni uko palepale, banda mnamolaza watoto mbali na wazazi wao liko palepale, na komeo lake la nje.

Mimi ni mkazi wa Tanga mjini, mama wa watoto wanne: wa miaka 14, 12, 7 na 3. Mume wangu ni fundi wa matrela, kazi aliyoanzia kwenye mashamba ya mkonge. Karavani yetu, yaani trela la kulala linalokokotwa na gari, aliinunua ikiwa imeshakufa, ekseli imekatika na sakafu imeoza, akaifufua mwenyewe uani kwetu. Nyuma ina kitanda kikubwa. Katikati kuna meza inayokunjwa usiku ikawa kitanda cha watu wawili, na juu kuna vitanda viwili vyembamba vilivyowekewa kingo za mbao ili mtoto asidondoke. Pazia la kitenge linapita kwenye waya kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Madirisha ni manne, yote yana wavu. Sielezi haya kwa kujigamba. Naeleza kwa sababu kanuni yenu inaichukulia karavani kama sanduku la mizigo, mahali pasipofaa mtoto kulala, na aliyeiandika hakuwahi kuchungulia ndani ya yetu.

Kwa wasomaji ambao hawajaiona, kanuni hiyo imeandikwa kwa rangi nyeupe kwenye ubao wa mapokezi: "Karavani na magari ya kulala: watu wazima wawili tu. Watoto wa miaka 6 hadi 15 watalala Banda la Watoto. Hakuna mjadala." Maneno ya mwisho ni yenu, sikuongeza mimi.

Hatukuisikia kabla ya kulipa. Tulipoweka nafasi kwa simu tuliulizwa tuko wangapi, tukasema. Tukatajiwa bei, tukatuma pesa. Habari za banda tulizipatia langoni, jua limezama, watoto hoi, na bibi yao anauliza kibla kiko upande gani aiwahi magharibi. Kurudi mjini gizani na trela nyuma, kwenye barabara yenye vipande vya matengenezo, hakuna dereva mwenye akili zake angefanya. Kwa hiyo watoto watatu walilala bandani. Yafuatayo ndiyo ninayoyalalamikia.

1. Mlango wa banda unafungwa kwa komeo la nje.

Naanza na hili kwa sababu mengine yanaweza kusubiri kikao chenu, hili haliwezi. Banda lina kuta za mbao, paa la makuti, dirisha moja lenye nondo na mlango mmoja. Saa nne usiku mlinzi anapita, anahesabu vichwa, anasukuma komeo kwa nje, anarudi langoni. Nyuma ya banda, hatua chache tu, kuna jenereta, na ubavuni mwa jenereta kuna madumu ya petroli yaliyofunikwa gunia.

Aliyekulia pwani hahitaji kuelezwa makuti makavu yanavyowaka. Cheche ikipata upepo wa kusi, paa limeshika lote kabla watu hawajajua kelele zinatoka wapi. Mtu mzima akiwa ndani ya nyumba ya makuti anaokoka kwa kuwa mlango anaufungua mwenyewe. Watoto wale mlango wao yuko nao kijana aliye upande wa pili wa kambi, tena ameweka spika masikioni kwa sababu usiku ni mrefu na yuko peke yake. Simlaumu. Nawalaumu waliopigilia lile komeo.

Moto haukutokea, alhamdulillahi. Kilichotokea ni hiki. Mwanangu wa miaka saba aliamka usiku akitaka kwenda haja ndogo. Akagonga mlango. Dada yake naye akagonga, akaniita. Jenereta lilikuwa linanguruma kati yao na mimi, sikusikia chochote. Mtoto akajizuia mpaka akashindwa, akajikojolea godoroni. Asubuhi mfanyakazi akalitoa godoro akaliegemeza kwenye mnazi, mbele ya meza za chai, wageni wanakunywa chai huku wanaliangalia, na watoto wenzake wakapata cha kuchekea hadi tunaondoka. Kisha kwenye risiti yetu ya mwisho kukawa na mstari unaosema: "Usafi wa godoro, 10,000."

Risiti hiyo ninayo. Mmemfungia mtoto, mmemnyima choo, halafu mmetutoza faini kwa kuwa ana kibofu.

2. Mzazi ameondolewa, na hakuna aliyewekwa mahali pake.

Nilitarajia basi banda liwe na mlezi, mama mmoja wa makamo mwenye tochi na chupa ya maji. Hakuna. Mlinzi yuleyule analinda lango, magari, boti na jenereta, na watoto ni nyongeza. Hakuna daftari linaloonyesha mtoto ni wa nani. Asubuhi mume wangu alipokwenda kuwachukua, hakuulizwa hata jina. Alinyoosha kidole, akasema "wale watatu", akapewa watatu. Wangekuwa si wake pia angepewa.

Mama mkwe wangu, ambaye kwa kanuni yenu alikuwa mtu mzima wa tatu na hivyo hana nafasi karavanini, aliona njia rahisi. Akasema yeye atakwenda kulala bandani na wajukuu zake, na mkeka anao. Akajibiwa kwamba haiwezekani, kwa sababu yeye si mtoto. Tukamlipia chumba. Nimelifikiria jibu lile mara nyingi na bado sijui lilikuwa linamlinda nani.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema katika kifungu cha 4 kwamba maslahi ya mtoto ndiyo ya kuzingatiwa kwanza katika mambo yote yanayomhusu. Kifungu cha 7 kinampa mtoto haki ya kuishi na wazazi au walezi wake, na kifungu cha 9 kinamtwisha mzazi wajibu wa kumlinda. Mimi si wakili, na sisemi kwamba usiku mmoja wa likizo ni kesi ya mahakamani. Ninachouliza ni hiki: wajibu huo mlipouchukua mikononi mwangu saa nne usiku, mliukabidhi kwa nani?

Swali hili si la kubembeleza watoto. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Simtuhumu mfanyakazi wenu yeyote, wala mtoto wa mgeni yeyote. Lakini serikali yenyewe imekuwa na mpango mzima wa taifa wa kutokomeza ukatili huu, shuleni walimu wanafundishwa, misikitini na makanisani tunaambiwa tusiwaache watoto na watu tusiowajua. Halafu tunakuja likizo tunaamriwa tuwaache.

3. Banda linachanganya rika na jinsia.

Kati ya mtoto wa miaka sita na kijana wa miaka kumi na mitano kuna dunia nzima, ninyi mmewaweka chini ya paa moja. Upande wa wasichana na wa wavulana umetenganishwa kwa plaiwudi inayoishia kimo cha mtu mzima. Kijana akisimama juu ya kitanda anaona upande wa pili bila shida. Binti yangu wa miaka 12 alilala na nguo alizoshinda nazo, na mtandio wake kichwani, mpaka asubuhi. Hakulalamika. Aliniambia tu tukiwa njiani kwamba hakubadilisha nguo kwa sababu "kulikuwa na watu".

Hapa nikumbushe alichoniambia meneja: kwamba kanuni imewekwa kwa ajili ya maadili, maana si vizuri watoto wakubwa kulala sehemu moja na wazazi. Ndugu yangu, hilo unatufundisha sisi? Dini yetu inataka watoto wakifika miaka kumi watenganishwe malazi, na kila nyumba ya Tanga, ya tajiri na ya maskini, inajua namna ya kulitekeleza hata ikiwa na chumba kimoja. Pazia linatosha. Bibi anatosha. Katika karavani yetu, binti analala kitanda cha juu upande wa pili wa pazia, bibi yake yuko chini yake na yule wa miaka saba. Mdogo analala na sisi. Mvulana mkubwa tuna hema lake dogo, linasimamishwa ubavuni mwa karavani, kamba moja imefungwa kwenye gurudumu letu. Akikohoa nasikia, na faragha yake anayo. Hema hilo mlilikataa pia. Mtoto aliyetengwa kwa heshima, hatua mbili kutoka kwa baba yake, mlimwondoa mkamlaza na wasichana asiowajua nyuma ya plaiwudi fupi, mkasema ni maadili.

4. Mbu.

Vyandarua vya bandani vina matundu, na vingine kimoja kimefunika magodoro mawili, pembeni wazi. Mbu wa malaria anauma usiku, hii ni pwani, sidhani kama nina haja ya kuendelea.

5. Kanuni haiwahusu wageni wote.

Usiku uleule, mbele yetu, kulikuwa na familia ya wageni kutoka nje ya nchi, wenye gari lenye hema juu ya paa. Baba, mama na watoto wawili, na kwa macho tu mkubwa alikuwa amepita miaka minane. Wote wanne walipanda ngazi wakalala hemani mwao, wala hakuna aliyewaendea na habari za banda. Walikuwa watu wazuri, watoto wetu walicheza nao mpira ufukweni, na mama yao aliposikia yetu alishangaa kwa kuwa hakuwahi kuambiwa kanuni hiyo. Nilipomuuliza mtu wa mapokezi, alisema, "Wale wamezoea." Sisi tumezoea nini, kulala mbali na watoto wetu?

Kwa kuwa mmelileta suala la mazoea, nilizungumze. Ni kweli likizo za karavani zina asili yao kwingine. Uingereza walianza mapema sana. Daktari mmoja wa huko, William Gordon Stables, alitengenezewa gari la kulala la kukokotwa na farasi mwaka 1885 akazunguka nalo nchi, na chama chao cha wapiga kambi kipo tangu 1901. Huko wana kanuni nyingi kuliko ninyi. Lakini kanuni zao zinashughulika na nafasi kati ya karavani na karavani, kwa kawaida mita 6, ili moto usiruke. Zinashughulika na gesi na hewa. Na kambi nyingi za huko zinaruhusu kijihema cha watoto kando ya karavani ya wazazi, mradi kiwe katika eneo lao. Yaani kile mlichomkatalia mwanangu ndicho wenye mambo yao wanachokiruhusu.

6. Banda linalipiwa.

Kila mtoto alilipiwa kitanda cha bandani juu ya bei tuliyokwisha kulipa. Sitaki kudhani kwamba hii ndiyo sababu ya kanuni. Lakini mkiendelea kunyamaza, watu watadhani, na mimi sitakuwa na la kuwajibu.

Sasa, najua mtakayosema, kwa kuwa mengine nimeshaambiwa.

Mtasema bima. Kila anayebanwa siku hizi anasema bima. Basi onyesheni kifungu cha mkataba wenu kinachotaka watoto wafungiwe kwa nje, chini ya makuti, jirani na petroli. Nina hakika mkimwita mtu wa bima akaliona banda lile usiku, mkataba wenyewe mtaukosa.

Mtasema msongamano na hewa. Hili nalikubali nusu. Karavani ikijazwa watu kupita vitanda vyake ni hatari, na kambi ina haki ya kusema hapana. Hesabuni vitanda, msihesabu "watu wazima wawili". Na kuhusu hewa, kama kweli mnajali, mbona ubao wenu hauna hata neno moja kuhusu jiko la mkaa? Jioni ile niliona kwa macho yangu watu wakiingiza jiko lenye makaa mekundu ndani ya hema kwa sababu mvua ilianza kunyesha. Makaa yale yanatoa gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, kaboni monoksaidi, na mtu aliyelala haamki kuikimbia. Hilo ndilo lililostahili rangi nyeupe na herufi kubwa. Na gesi hiyohiyo imo kwenye moshi wa jenereta, ule ambao upepo ukigeuka unaingia kwenye dirisha la banda la watoto. Mume wangu, ambaye maisha yake yote ni injini, ndilo jambo la kwanza aliloliona tulipofika.

Mtasema, na hili lilisemwa kwa uchungu kwa hiyo nalichukua kwa uzito, kwamba aliwahi kutoka mtoto karavanini usiku akaelekea baharini, mkamkuta mchangani. Naelewa hofu yenu. Mwezi ukiwa mpevu na maji ya bamvua yakijaa, bahari inakuja hadi kwenye mivinje yenu, na mtoto mdogo hajui kwamba ufuko aliouchezea mchana haupo tena. Lakini mtoto yule alihitaji nini? Alihitaji taa upande wa bahari, uzio mfupi wa fito, na mlinzi anayezunguka badala ya kukaa langoni. Tena umri wake, kwa mlivyonieleza, ulikuwa chini ya miaka sita, kwa hiyo hata kanuni yenu isingemgusa. Kwetu, mlango wa karavani unafungwa kwa ndani, juu, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki lakini wa mtu mzima unafika kwa sekunde. Na mama analala upande wa mlango.

Mtasema wageni wengine wanataka utulivu. Watoto waliolala na wazazi wao walinyamaza saa tatu. Kelele za usiku ule zilitoka bandani, na zilitoka kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa.

Na mtasema, kama wengi wanavyosema wakiishiwa, kwamba asiyependa aende kwingine. Tutakwenda, pwani ni ndefu. Lakini atakayekuja baada yetu naye atafika langoni jua limezama.

Kwa haki niseme pia kwamba kambi yenu ni nzuri. Ufuko ni safi, maji ya kuoga hayakukatika, mpishi wenu anajua kazi yake na pweza wake wa nazi watoto wanamkumbuka hadi leo. Ningependa kurudi. Jambo dogo nililoliona pembeni, mkipata nafasi: acheni kuelekeza watu wasimamishe mahema chini ya minazi yenye nazi zilizokomaa. Mkwezi aziangushe kwanza hizo nazi.

Ninachoomba ni hiki.

Komeo la nje ling'olewe leo, si baada ya kikao. Ni skrubu nne, mume wangu yuko tayari kuja na bisibisi yake bila malipo. Madumu ya petroli yahamishwe siku hiyohiyo, na jenereta lisogezwe mbali na mahali popote anapolala mtu.

Kanuni ifutwe iandikwe upya, hivi au kwa maneno yanayofanana na haya: mtoto atalala na mzazi au mlezi wake, katika karavani, gari au hema lao, kwa kadiri ya vitanda vilivyopo, watoto wakubwa wanaweza kulala katika hema dogo ndani ya eneo la familia, hakuna jiko la mkaa wala jiko la gesi linalowashwa ndani ya mahali pa kulala. Iwahusu wageni wote, wa Tanga, wa Arusha na wa Ulaya. Mwenye kuweka nafasi aambiwe kwa simu kabla hajatuma pesa.

Banda kama mnalipenda, libaki kwa wanaolitaka. Wapo wazazi watakaolitaka, na makundi ya shule. Lakini liwe na milango miwili ambayo aliye ndani anaweza kuifungua mwenyewe, mlezi mwanamke anayelala humohumo, wadogo na wakubwa mbalimbali, ukuta wa kati ufike juu, vyandarua vizima kitanda kwa kitanda, na daftari la kusaini anayeleta na anayechukua. Kwenye ubao bandikeni namba 116, ya huduma ya simu kwa mtoto. Kubandika namba hakuna gharama.

Fedha za banda na zile za godoro mturudishie, sisi na familia nyingine za usiku ule mlizozitoza. Kiasi si kikubwa. Mwanangu anajua kwamba tulilipishwa kwa ajili yake, na nataka ajue kwamba pesa zilirudi.

Mbele yetu kuna likizo ya Desemba, na kambi itajaa. Naomba majibu ya maandishi kabla shule hazijafungwa. Nisipoyapata, nakala ya barua hii, pamoja na picha za komeo na ya risiti, nitaipeleka mkononi kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa Wilaya na kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji mkoani, nao waje walione banda usiku, saa nne, mlinzi akishapita.

Namba yangu ya simu mnayo kwenye daftari la wageni.

Wasalaam,

Mama wa watoto wanne,
Tanga.